Jibu kwa binti wa Tanga anayetaka kwenda Samar kujenga nyumba

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na kwa faida ya wasomaji wengine nalifupisha. Una miaka 24, ni mzaliwa wa Tanga, na ujenzi unaoujua ni kumbebea baba matofali mlipokuwa mkiongeza chumba cha uani. Umeona tangazo la kwenda Ufilipino, kisiwa cha Samar, kujitolea kujenga nyumba za wavuvi kwa wiki mbili. Ada ni dola 1,500, nauli juu yako. Unauliza mambo mawili: niende? Na nikifika nitakuwa na faida yoyote, au nitakuwa mgeni wa kupikiwa?

Kwa wiki mbili na kwa ada hiyo, usiende. Kwa wiki nane, chini ya fundi wa palepale anayelipwa na mwenye mamlaka ya kukuambia "bomoa, anza upya", nenda, na utafaa sana. Nauli peke yake ya kutoka Dar mpaka Manila na kurudi inaweza kumlipa seremala wa kijijini ujira wa miezi miwili na zaidi. Basi wewe unayepanda ndege lazima uzidi hapo, la sivyo hiyo pesa ingetumwa tu.

Nasema hivi si kwa kukukatisha tamaa. Nilikwenda huko mwaka 2014 kusimamia kazi ya mbao, nikiwa na miaka zaidi ya ishirini ya kupaua nyumba kuanzia Pangani mpaka Bagamoyo, na bado nilifika nikiwa mwanafunzi.

Kimbunga Haiyan, ambacho wenyeji wanakiita Yolanda, kiliingia nchi kavu alfajiri ya tarehe 8 Novemba 2013 pale Guiuan, mji ulio kwenye ncha ya kusini ya Samar ya Mashariki. Upepo ulikadiriwa kufika kilomita 315 kwa saa. Watu zaidi ya 6,300 walikufa, wengi wao mji wa Tacloban kwenye kisiwa jirani cha Leyte, ambako bahari ilipanda juu kama ukuta wa ghorofa na kuingia mitaani. Nyumba zaidi ya milioni moja ziliharibika, karibu nusu yake zikawa za kuanza upya. Tangu hapo vimepita vingine, kama Rai cha Desemba 2021 kilichopiga visiwa vya Siargao, Dinagat na Bohol. Kwa hiyo kazi ya kujenga huko haijaisha wala haitaisha, na tangazo lako huenda ni la kweli kabisa. Shida yangu ni hizo wiki mbili.

Fundi wa huku kwetu amefundishwa uzito. Tofali linabeba linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, linta inabeba kenchi, yaani fremu ya mbao ya paa, kenchi inabeba bati, na kila kitu kinakwenda chini mpaka kwenye msingi. Ukijenga hivyo Tanga, nyumba inasimama miaka hamsini. Samar adui anatoka upande mwingine. Upepo ukipita kwa kasi juu ya paa hulivuta kwenda juu, na ule unaoingia dirishani hulisukuma kutoka ndani, vyote viwili kwa pamoja. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne. Nyumba hailali chini. Inanyanyuka, na ikishapoteza paa, kuta zinabaki zimesimama kama kadi za karata.

Wiki yangu ya kwanza pale nilipigilia kenchi kama nilivyozoea, misumari ya inchi nne, miwili kila upande, imepigwa kwa mshazari mpaka ndani ya mbao ya juu ya ukuta. Kazi safi, hakuna msumari uliopinda. Fundi mkuu, mzee mfupi ambaye kila mtu alimwita Tatay, yaani baba, akapanda akatazama, akashuka bila kusema kitu. Akarudi na mtaimbo. Akaingiza ncha chini ya mguu wa kenchi, akaweka kipande cha mbao kuwa egemeo, akakandamiza kwa mkono mmoja. Kiungio changu kikafunguka. Nafasi ya kidole ilionekana kati ya mbao na mbao, na misumari ikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Kisha akasogea kwenye kenchi ya jirani aliyoifunga mwanawe kwa utepe wa bati uliopita juu ya kenchi na kushuka pande zote mbili za nguzo, akakandamiza kwa uzito wa mwili wake wote. Haikutikisika. Akaniachia mtaimbo, akaenda kunywa kahawa.

Nilifungua viungio kumi na vinne siku ile. Sasa fikiria wajitoleaji ishirini wa wiki mbili, wote wana moyo mzuri na hakuna aliyewahi kushika nyundo, na msimamizi anayeona haya kuwaambia kuwa kazi yao haifai kwa kuwa wamelipia. Rangi inapakwa, picha zinapigwa, na kilichofichwa chini ya bati hakuna anayekijua mpaka Novemba.

Baada ya Haiyan mashirika ya makazi yalikubaliana kufundisha mambo manane kwa mafundi na kwa wenye nyumba, yakabandikwa kila kona kwa michoro: mahali salama, umbo sahili la nyumba, msingi imara, kufunga nyumba kutoka chini mpaka juu, kutia mikingamo, yaani mbao za mshazari za kuzuia ukuta usiyumbe, kukaza viungio, paa zuri, na kujiandaa kabla ya dhoruba. Usiyakariri kama shairi. Yaelewe kwa kufuata safari ya nguvu ile ya kunyanyua. Bati limeshikwa na msumari wa mwavuli, msumari umeshika papi, yaani mbao inayolala juu ya kenchi, papi imefungwa kwenye kenchi, kenchi kwenye mbao ya ukuta, mbao kwenye nguzo, nguzo kwenye chuma kilichozikwa kwenye zege. Ni mnyororo, nao hukatikia kwenye pete iliyo dhaifu kuliko zote. Ndiyo maana ukingoni mwa paa na kwenye pembe misumari hukaribiana zaidi, kila mgongo wa pili wa bati, kwa sababu upepo huanza kubandua pale, kama unavyobandua stika kwa ukucha. Upenu pia huwa mfupi. Sisi tunapenda upenu mpana wa kukaa mchana na kusukana. Kule ukitaka baraza, unaijengea paa lake peke yake, ili ikiondoka iondoke bila kuchukua nyumba. Mteremko wa paa ni nyuzi 30 hadi 45, na paa la pande nne hustahimili zaidi kuliko la pande mbili.

Mbao yenyewe nayo ni somo. Haiyan iliangusha au kuharibu minazi zaidi ya milioni 30, na kwa kuwa mnazi mpya huchukua miaka sita mpaka minane kuzaa, wakulima walipoteza chakula cha miaka mingi kwa asubuhi moja. Minazi iliyolala ikapasuliwa kuwa mbao, wanaziita kwa Kiingereza cha kwao "coco lumber", nazo ndizo zilizojenga sehemu kubwa ya pwani ile. Wewe mtoto wa Tanga unaujua mnazi, lakini je, umewahi kuupasua? Nje, karibu na gamba, na hasa sehemu ya chini ya shina, ni mgumu unaovunja meno ya msumeno. Katikati ni laini kama mkate uliolala. Mbao mbili zinazofanana kwa macho, moja inabeba kenchi na nyingine inafaa kuni. Tatay alizichagua kwa kuziinua tu, nzito huku, nyepesi kule, na mpaka naondoka nilikuwa bado nakosea moja katika kumi. Ile ngumu, ukipiga msumari karibu na ncha bila kuitoboa kwanza, inapasuka. Kazi ya kutoboa tu, kwa keekee ya mkono au ya umeme, inamtosha mtu mmoja siku nzima. Hiyo ni kazi yako.

Hapo ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Ulipouliza kama utakuwa na faida, nadhani ulijiona juu ya paa na nyundo. Jione saidia fundi. Kuchekecha mchanga. Kukunja ringi za nondo, zote kipimo kimoja, mia mbili kwa siku. Kumwagilia zege na matofali asubuhi na jioni kwa wiki nzima, kazi inayodharauliwa kuliko zote na ndiyo inayotofautisha tofali na biskuti. Ukitaka kujua tofali la pale lina saruji au lina maneno, liachie kutoka kiunoni lianguke kwenye ardhi ngumu. Likisambaratika, rudisha shehena. Kuhesabu misumari kila jioni. Kushika ncha ya pili ya futi. Hata kubeba maji. Fundi mzuri mwenye saidia fundi watatu wanaomjua anamaliza nyumba haraka, na kumjua fundi kunachukua kama wiki tatu. Ndiyo maana nilisema nane.

Kuhusu mchanga niongeze neno, maana kosa hili lipo hata kwetu. Nyumba iko hatua thelathini kutoka ufukweni, mchanga mweupe umejaa, na wa mtoni unauzwa kwa lori. Kila mtu anatamani kuchota wa bure. Una chumvi, na chumvi inakula nondo ndani ya zege kimyakimya. Ukiona kwenye eneo la kazi mchanga una vipande vya kombe, uliza. Wasipokujibu vizuri, umeshajua wanajengaje na mengine.

Tuje kwenye ardhi, na hapa ndipo ningependa utulie kuliko penginepo. Baada ya kimbunga serikali ilitangaza ukanda wa mita 40 kutoka ufukweni kuwa si wa kuishi. Kwenye karatasi ni busara. Lakini mvuvi bila bahari ni nani? Tacloban familia nyingi zilihamishiwa kaskazini ya mji, mbali na mashua zao, kwenye nyumba nzuri za matofali zilizosumbuliwa na ukosefu wa maji ya bomba kwa muda mrefu, na wapo wanaume waliorudi kulala kwenye vibanda pwani siku za kazi. Vijijini hali ina sura nyingine. Familia nyingi hukaa kwenye shamba la minazi la mtu, kwa idhini ya mdomo ya babu na babu. Mwenye shamba anawaruhusu wajenge kwa mianzi na makuti ya nipa, lakini ukimtajia tofali anakataa, kwa sababu nyumba ya kudumu inanukia madai ya kudumu. Kwa hiyo usione kuta za mianzi iliyosukwa ukadhani ni umaskini tu, au ukadhani mradi unabana matumizi. Mara nyingi ndiyo nyumba pekee inayoruhusiwa kusimama pale, na ikifungwa vizuri inaokoa maisha, tena ukuta wake ukichanwa na upepo unasukwa upya kwa siku mbili.

Kwa hiyo waandikie wenye tangazo uwaulize. Ardhi ni ya nani, na idhini yake ipo kwa maandishi? Nani kachagua familia, na je, mkutano wa barangay, yaani serikali ya mtaa, ulishirikishwa? Fundi mkuu ni mwenyeji, na analipwa? Katika dola zangu 1,500, ngapi zinanunua bati na ngapi zinanunua chumba changu? Nyumba mlizojenga miaka mitano iliyopita zimepita vimbunga gani, na naweza kuzungumza na mtu anayeishi ndani ya moja? Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda. Wenye kazi nzuri hulijibu kwa furaha na kwa picha. Wengine watakutumia kipeperushi kingine chenye machweo.

Viza usiifanyie mchezo. Kuingia kama mtalii kisha ukashika mwiko kunaweza kukuletea maswali hata kama hulipwi. Ufilipino ina wakala wa serikali wa kuratibu wajitoleaji, PNVSCA, na ubalozi wao wa kanda yetu uko Nairobi. Waandikie na utaje wazi neno "kujitolea". Shirika linalokwambia "sema tu unakwenda kutembea" limeshakujibu maswali yangu yote ya hapo juu.

Msimu: watu watakwambia Januari hadi Mei ni kiangazi. Ni kweli kwa upande wa magharibi ya nchi. Samar ya Mashariki inatazama bahari ya Pasifiki, na mvua yake kubwa ni ya Novemba mpaka Januari, huku vimbunga vikizidi Juni mpaka Desemba. Machi hadi Mei ndio wakati wako, ukiwa tayari kwa joto la Tanga la Februari bila upepo wa bahari.

Kuishi na watu hakutakusumbua. Wali ndio chakula, samaki wanapikwa kwa tui, nalo wanaliita gata, na utakapoona mtu anapanda mnazi jioni na kibuyu cha plastiki utajua anagema. Pombe yao ya mnazi wanaiita tuba, nyekundu kwa sababu wanaitia gome la mkoko. Kama hutumii nguruwe sema mapema na bila aibu, maana Samar ni Wakatoliki na nguruwe ndiye mgeni rasmi wa kila sherehe. Lugha ya pale ni Kiwaray, asubuhi sema "maupay nga aga". Wakubwa huwaiti kwa majina, ni Tatay na Nanay, na kijana anachukua mkono wa mzee anaugusisha kwenye paji la uso wake. Ukifanya hivyo siku ya kwanza, yaliyobaki utasaidiwa. Pia wana neno "bayanihan", ambalo zamani lilikuwa hasa kijiji kizima kuibeba nyumba mabegani juu ya mianzi na kuihamisha. Wewe unajua msaragambo, basi umeelewa nusu.

Chanjo ya pepopunda iwe ya karibuni, kwa sababu misumari ya zamani iko kila mahali ardhini. Usikanyage maji ya mafuriko bila buti ndefu, yana homa inayotokana na mkojo wa panya. Mbu wa mchana wanaleta dengi, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi.

Umeuliza pia, kwa mstari mmoja mwishoni, kwa nini uende kujenga kwa watu wakati Tanga kuna nyumba mbovu. Hili sikujibu kwa maadili, nakujibu kama fundi. Mwaka 1952 kimbunga kilipiga Lindi, wazee wakasimulia, kisha tukasahau. Aprili 2019 Kenneth ilipita Komoro ikaingia Msumbiji kaskazini, huko ambako ndugu zetu wa Ibo na Quissanga wanaishi. Mei 2024 Hidaya ikafika Mafia. Nenda Mafia leo uangalie upenu wa nyumba na jinsi kenchi zilivyofungwa ukutani. Utaona misumari ya inchi nne, miwili kila upande, ya mshazari. Mafundi wanaojua utepe ule wa bati kwenye pwani yetu ni wachache mno, na ukikaa wiki nane chini ya mtu kama Tatay utakuwa mmoja wao.

Kabla ya kulipa senti, tafuta fundi hapo Tanga, umsaidie Jumamosi nne mfululizo. Ukiona unaichukia kazi Jumamosi ya tatu, umeokoa pesa. Ukiipenda, anza kuweka akiba ya likizo ndefu, hata ikichukua miaka miwili. Nyundo usibebe, kule zipo. Viatu vya kazi nunua huku na uvilainishe kwa kuvivaa mwezi mzima kabla ya safari, maana duka la Guiuan lilikuwa na namba ndogo tupu, na mimi mwenye 45 nilijenga siku tisa za kwanza nikiwa na kandambili.